Tairi za Siku ya Ukaguzi

Riruta, 14 Aprili 2024

Kaka Ndegwa,

Habari za Nakuru? Sisi tuko salama. Mguu wa Mama unapona, na parachichi zimeiva. Tangu tumzike mume wangu Thuo, hakuna wa kunichagulia zile laini.

Kesi ilisikilizwa Ijumaa. Wakili wa yule bwana wa mtaa wa Karen, mwenye gari alilokuwa akiliendesha Thuo, alionyesha cheti cha ukaguzi. Kinasema wiki moja kabla ya ajali tairi zote nne zilikuwa mpya. Kwa hivyo, akasema, kosa ni la dereva, alikimbiza gari. Mimi nilikuwa nimesema tairi ilipasuka. Akanigeukia akitabasamu: "Mama, tairi mpya hupasuka kwa uchungu wa moyo?" Watu wakacheka. Hata karani alicheka.

Sikusema kwamba tairi hizo zilikuwa zako, kwamba ulimkodishia bwana huyo kwa siku ya ukaguzi tu, kisha jioni ukazirudisha dukani kwako River Road na kumfungia Thuo zile kuukuu za gari, za kipara.

Nilipokupigia simu uliniambia, "Shiko, maiti hafungwi. Mimi nitafungwa." Ni kweli. Lakini watoto wake watakua wakiambiwa baba yao alijiua kwa mbio.

Jumatatu saa tatu nitaitwa tena kizimbani kutoa ushahidi. Sikulazimishi uje. Jina lako sitalitaja, Mama ameniapisha. Saa hiyo utakuwa ukifungua duka lako jipya huko Nakuru. Nikumbuke.

Dada yako,
Shiko