Sauti Zilizobaki kwa Kampuni ya Zamani

Mama mshauri wetu mpendwa, naomba unisaidie, maana siku hizi natembea kama muntu aliyelala. Mimi ni Ornella, wa hapa Kalemie, na katika klabu yetu ya kompyuta tunafundisha vijana kwa kujitolea, na tuna tovuti ambako tuliweka sauti za watu wa kambi ya Katanika waliokimbia vita na kupotezana na ndugu zao, kila mumoja anataja jina lake na kuita watu wake, na mimi njo niliyewarekodi, tumekaa chini ya turubai mvua ikinyesha, na mpaka leo nikifua nguo naziona sauti zile zinapita juu ya ziwa, polepole, zinatafuta pa kutua.

Sasa kampuni iliyokuwa inatunza tovuti yetu imeandika ghafla kwamba inafunga mwisho wa mwezi huu, na Chérubin, kiongozi wa klabu na muchumba wangu, hakungoja mukutano, siku ileile akapata kampuni nyingine inayotupa nafasi ya bure lakini ndogo, akahamisha maandishi na picha, sauti akaziacha kule.

"Ornella, ni nzito," akaniambia. "Majina yao yameandikwa. Yanatosha."

Jumamosi akaja Mama Éliane, aliyekimbia kutoka Kiambi, asiyejua kusoma, ambaye mutoto wake Landry tulimurekodi kabla hajaondoka kwenda kumutafuta baba yake, na hajarudi, na kila juma mama anakuja kumusikiliza. Nikabonyeza, kimya. Akaniangalia, akasema taratibu, "Mumehama, sawa. Na mutoto wangu mumemuacha wapi?"

Neno la siri la kampuni ya zamani ninalo, lakini Chérubin amesema nikigusa kitu bila ruhusa yake ndiyo mwisho wetu, na mimi namupenda, na ni yeye aliyehangaika sisi wengine tukikaa tu kulalamika. Nifanye nini?

*

Binti yangu Ornella,

Barua yako inapendeza kama ndoto, na hapo njo kosa lako: unasikiliza ziwa huku mwisho wa mwezi unakuja! Ndiyo maana sikungoja gazeti lichapwe, nikakupigia simu. Niliyokuambia yawafae na wengine.

Chérubin si muntu mubaya. Aliona tovuti inapotea, akaokoa alichoweza kubeba. Anastahili shukrani, lakini hana haki ya kuamua peke yake nani asisikike tena. Wewe nawe huna haki ya kupita nyuma yake kama mwizi. Nilikuambia umuite mbele ya wanaklabu, Mama Éliane akiwepo, umueleze kwamba sauti zinaweza kunakiliwa kwenye kompyuta ya klabu na hazitaongeza uzito kwa kampuni yoyote.

Ukafanya. Umenisimulia kwamba alifoka, mpaka Mama Éliane alipomuuliza, "Papa, mama yako akikuita, unamujua kwa maandishi ao kwa sauti?" Akavuta kiti, akaanza kunakili yeye mwenyewe. Leo sauti ya Landry iko ndani ya simu ya mama yake.

Vizuri, lakini usirudi kuota. Kompyuta moja inaweza kuharibika. Nenda Katanika, mupe kila muntu sauti yake kwenye simu yake ao ya jirani, na wanaokubali kusikika, peleka sauti zao redioni, maana wanaotafutwa wengi hawana Interneti.

Na lile neno la "mwisho wetu" usilimeze. Mwanaume anayetishia kuvunja uchumba kwa sababu ya kompyuta, kesho atatishia kwa sababu ya chumvi. Mukae wawili, umuambie lilikuuma. Akiomba musamaha, mupokee kwa moyo wote. Akicheka, wazee wake wasipige hodi kwenu na mahari.