Mkuyu wa Mayala

Jumatatu, 3 Novemba 1997
Mungu ni mwema, na leo katuletea Manispaa. Nani angeamini! Bwana Chenge wa mipango miji kaupanda mlima wetu wa Igoma kwa miguu, viatu vimejaa tope. Kauzunguka mkuyu wa jirani yetu Mayala, kalitazama lile jiwe kubwa lililoshikwa na mizizi, kisha kaitazama nyumba yangu hapo chini. Nikamwambia mkuyu ukikatwa, jiwe linakuja kunywa chai kwangu.

Mayala akadai kiwanja ni chake, hati anayo, na siku hizi kila kitu ruksa. Anataka kujenga gesti. Chenge kamjibu kwa upole: mti mkubwa namna hii, hata ukiwa kiwanjani kwako mwenyewe, haukatwi bila kibali. Kaupaka rangi nyekundu, alama kwamba usiguswe. Asiporidhika aende kwenye kamati ya madiwani, Alhamisi ya wiki ijayo. Nami nimeitwa.

Asante Bwana Chenge! Nimempa ndizi, kakataa. Nimekula mwenyewe.

Jumatano, 5 Novemba
Mvua. Hii elinino wanayoisema redioni. Mayala kapita, hajanisalimia. Nami nikatazama pembeni. Miaka yote tunaombana chumvi! Jiwe limetulia.

Jumamosi, 8 Novemba
Sijui nicheke au nilie. Nimetoka kupeleka nguo za wateja, nakuta mume wangu, Baba Owiti, juu ya paa — anang'oa bati! Karudi leo kutoka visiwani kuvua. Kaona nyekundu kwenye mkuyu, hakuuliza mtu. Kwake rangi nyekundu ya Manispaa ina maana moja tu: bomoa. Basi aokoe bati kabla tingatinga halijaja. Okech, mume wangu! Tingatinga litaupandaje mlima huu? Hilo hakuliwaza.

Nimemsema mpaka watu wakatoka nje. Nusu ya paa iko chini, na wingu linakuja kutoka ziwani, jeusi tii. Cherehani yangu ndani, vitambaa vya watu ndani. Nikaanza kulia kweli.

Aliyekuja ni Mayala. Kaleta turubai analofunikia sangara wake wakienda kiwandani, kapanda juu mwenyewe — na tumbo lile! — wakafunga kamba yeye na Baba Owiti. Mvua ikawakuta hukohuko. Cherehani haikupata hata tone.

Nilimshukuru mpaka maneno yakaniishia. Akakamua shati lake, akasema:
"Ujirani ni ujirani, Mama Owiti. Kamati ni kamati."

Jumapili, 9 Novemba
Nyumba inanuka samaki. Nashukuru hivyo hivyo.

Padre kahubiri, sikusikia kitu, nilikuwa nabishana na moyo wangu. Mtu kakukinga na mvua, unasimamaje mbele ya madiwani kumzuia asijenge? Baba Owiti anasema tuache, tumeaibika vya kutosha. Nikamwuliza, jiwe likiteleza watoto walale wapi? Akachukua nyundo, akarudi kwenye bati zake.

Alhamisi, 13 Novemba
Imenyesha tangu alfajiri. Bati bado hazijarudi zote juu, turubai halivuji. Kila nikiliangalia namwombea yule mtu baraka, na silazimishwi na mtu.

Nimevaa gauni la Krismasi. Nilitaka kuwahi basi, lakini Mayala yuko chini barabarani na pikapu yake, tai shingoni, anaita:
"Mama Owiti, panda twende. Si tunakwenda kulekule?"

Nimeitikia nakuja.

Anapiga honi. Haya. Nitakaa naye mbele, nitamshukuru njia nzima, na itakuwa kutoka moyoni. Tukifika nitasimama niseme mkuyu usikatwe, hata yeye akinitolea macho. Kurudi sidhani kama atanibeba. Nimeweka kandambili kwenye mkoba.