Cherehani Aliyoificha Baba

Baba,

Chai ipo kwenye chupa. Shika kikombe vizuri, meza inayumba: ile barua ya kodi uliyoikunja ukaiweka chini ya mguu wake nimeitoa.

Nimeisoma asubuhi hii, baada ya kukuona ukipeleka cherehani mpya kwa shangazi kwa mkokoteni, umeifunika shuka kama mgonjwa. Baba yangu, hakuna anayekuja kuikamata! Watu wa kodi wamepitia ritani yako, ile fomu ya mapato na gharama uliyowapelekea, na wanataka tu kuhakikisha kwamba cherehani uliyoiandika kama gharama ya kazi ipo kweli. Afisa anapita leo saa nane kuiona. Nawe umeificha. Asipoikuta, wataifuta kwenye gharama na kodi itapanda.

Kwa hiyo irudishe sasa hivi. Risiti nimeikuta kwenye kopo la vifungo, naenda kuitoa kopi. Afisa akinitangulia, mpe kiti, na usimwulize kama mama yake anajua kazi anayofanya.

~~Nimekasirika sana.~~ Nimecheka kidogo.

Barua nyingine ikija, nipe mimi. Ulinisomesha miaka minne kwa cherehani ya zamani. Niache nikusomee ukurasa mmoja kwa ajili ya hii mpya.

Binti yako