Mzigo wa Mgeni

Jumatatu, 8 Desemba

Konsoli, ile ya gemu ya kushika mkononi, imejaa. Si kwamba inakaribia kujaa — imejaa, imefurika, haipokei hata picha moja. Nimeketi nayo asubuhi nzima kama mtu anayembembeleza mtoto ameze dawa.

Gemu ya kijiji chetu imetoa toleo jipya. "Chetu" ni mimi na Pacha. Si pacha wangu kweli, tulikaa dawati moja mpaka watu wakatuita hivyo. Tulianza kukijenga ndani ya gemu tangu kidato cha kwanza: nyumba, kisima, na daraja lililopinda kwa sababu Pacha hapendi kupima. Sasa yeye yuko chuo, mbali. Mimi nimemaliza shule, nangoja matokeo. Mama ni fundi cherehani, kwa hiyo nangoja huku nikikata nyuzi kwenye nguo za watu.

Bila toleo jipya siwezi kuingia kijijini. Na Pacha ana nafasi Jumapili alasiri tu. Ameniandikia kwamba wenzake wa bwenini wana kijiji chao na wanamwita. Nisipotokea Jumapili hii, atahamia huko, hawezi kujenga peke yake. Hajakasirika. Afadhali angekasirika.

Toleo linataka gigabaiti tisa. Nafasi iliyopo haitoshi hata kuandika samahani.

Jumanne, 9 Desemba

Nimefuta vyangu kwanza. Gemu ya magari, gemu ya kupika, picha zote nilizopiga kijijini. Nimepata gigabaiti mbili. Inaonekana mimi si mzito.

Zilizobaki: gemu ya matunda, ya Mama. Ndogo, huwezi kuilaumu. Gemu ya kuimba, ya Shangazi, mdogo wake Baba, anayeishi nasi na anayelipia intaneti ya nyumba nzima. Kwa hiyo Shangazi hagusiki. Na gemu ya mpira! Hiyo peke yake imekula karibu nusu ya konsoli. Imekaa humo kama kabati lililokwama mlangoni.

Gemu ya mpira ni ya "Mgeni". Ndivyo akaunti inavyoitwa. Hatujalaza mgeni hapa tangu mwaka jana, lakini Mgeni amecheza saa mia sita.

Baba anasema gemu ni mambo ya watoto. Amesema hivyo tangu siku aliyoinunua konsoli. Baba pia hukaa chooni muda mrefu asubuhi, akisoma gazeti. Gazeti huwa liko mezani.

Sasa nitamwombaje mtu atoe kitu anachosema hana?

Jumatano, 10 Desemba

Kikao cha familia! Kosa langu. Nilimwambia Shangazi, na kumwambia Shangazi ni sawa na kutangaza redioni. Baada ya chakula akagonga glasi kwa kijiko: "Jamani, Kimya ana shida ya nafasi." Kimya ni mimi. Jina alinipa yeye nikiwa mdogo, na sijafanya lolote la kulipinga.

Baba akajipa uenyekiti. Ni mtunza stoo kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, na mambo ya nafasi ndiyo kazi yake. Akatusomea sheria ya stoo: kila mzigo uwe na mwenyewe. Usio na mwenyewe unaitiwa mara tatu kwa sauti. Asipojitokeza mtu, unatoka.

"Matunda ya nani?"

Mama akasema ni yake, na atakayeyagusa ajishonee nguo zake mwenyewe.

"Ya kuimba?"

Shangazi akaimba.

"Mpira wa nani?"

Baba akauliza mara ya pili, sauti imepungua. Mama akaitazama sahani yake. "Baba Kimya, si ni wa mgeni huo? Labda tumsubiri." Shangazi alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa cha meza.

Mara ya tatu Baba alijiuliza na kujijibu mwenyewe. "Basi unatoka. Sheria ni sheria." Akaenda kulala, chai kaiacha nusu.

Nimeshinda. Mbona sijioni mshindi?

Alhamisi, 11 Desemba

Ilikuwa nifute leo. Nikataka kwanza kuhakikisha gemu imehifadhi pale Mgeni alipofikia. Maana ukifuta gemu, pale ulipofikia hapafutiki. Panabaki ndani ya konsoli, padogo tu, na ukiirudisha gemu unaendelea. Jambo hili hakuna anayelijua nyumbani kwetu.

Nikaifungua. Kulikuwa na mechi iliyosimamishwa katikati, ikaendelea. Timu ya Mgeni inavaa njano. Mshambuliaji akapokea mpira, akageuka, na mgongoni, juu ya namba tisa, pameandikwa KIMYA.

Nikazima. Nikawasha tena.

KIMYA ndiye nahodha! Mtangazaji anasema ndiye mfungaji bora wa ligi, tena wa misimu mingi. Akigusa mpira uwanja mzima unasimama. Marudio ya kabla mechi haijasimamishwa yakaonyesha alivyochezewa rafu, akamfuata mwamuzi kumfokea, akapewa kadi ya njano. Mimi! Mimi ambaye dukani husimama pembeni mpaka mwenye duka anione mwenyewe.

Sikufuta.

Ijumaa, 12 Desemba

Nimejaribu kumwambia Baba bila kumwambia Baba. Wakati wa kula nikamgeukia Mama, nikasema kwa sauti kubwa — yaani sauti ya kawaida ya watu wengine — kwamba ukifuta gemu, pale ulipofikia panabaki.

Mama akasema, "Unaniambia mimi? Matunda yangu hayatoki."

Baba akasema hayo ya watoto yeye hayajui. Akatafuna. Akatafuna tena. "Panabaki kweli? Nani kakwambia?"

"Nimejaribu kwa gemu yangu ya magari."

"Hm. Stoo kwetu, mzigo ukitoka umetoka."

Shangazi hawezi kuacha: "Sasa kaka, mgeni akija kudai chake utamjibu nini?" Mama akampiga teke chini ya meza. Najua kwa sababu teke lilinipata mimi.

Jumamosi, 13 Desemba

Pacha ameandika: kesho alasiri, nimekuwekea kiti kisimani. Halafu: wenzangu wanauliza kama nahama au sihami.

Nikaandika nitakuja. Nikafuta. Nikaandika tena, nikatuma kabla sijapata akili.

Baba alikaa chooni asubuhi nzima. Nadhani alikuwa anaaga. Shangazi akagonga mlango mpaka mikono ikamuuma: "Mwambie Mgeni na sisi wenyeji tuna haja!"

Jumapili, 14 Desemba

Nimefuta. Konsoli ikauliza: una uhakika? Sijawahi kuwa na uhakika na jambo lolote. Nikabonyeza ndiyo.

Toleo lilipoanza kushuka nikasikia ndala za Baba. Akasimama mlangoni. "Mzigo wa mgeni umetoka?" Kwa ile sauti yake ya stoo.

"Umetoka, Baba."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa pole. Hakuondoka. Akaanza kukagua bawaba ya mlango, ambayo haina tatizo lolote.

"Na yule namba tisa wake..."

"Yupo. Nilihakikisha. Ana kadi ya njano."

"Ile kadi haikuwa halali!" akasema Baba. Kisha akasikia alichosema.

Tukatazamana. Halafu wote wawili tukatazama ukuta. Sasa najua aibu hii nimerithi kwa nani.

"Kaa, Baba," nikasema. Nilisikika kabisa.

Akakaa ukingoni mwa kitanda mpaka toleo likamaliza kushuka. Kijiji kikafunguka, na Pacha yule pale kisimani, anarukaruka! Baba akasema yeye hajui haya mambo, nimwonyeshe tu kidogo. Nikampa. Vidole vyake vikakaa kwenye vitufe bila kutafuta. Akampita Pacha bila hata salamu, akaenda moja kwa moja mpaka darajani, akasema hili halikupimwa, akaanza kung'oa mbao.

Ujumbe wa Pacha ukaingia papo hapo kwenye simu yangu: "Weee! Nani anagusa daraja langu? Huyo si wewe. Wewe ungeomba ruhusa kwanza. NI NANI HUYO?"

Ninaandika haya, daftari magotini. Baba bado ameshika konsoli, mbao tatu amezing'oa na hajarudisha hata moja. Pacha anangoja.

"Mjibu mwenzako," anasema Baba, macho kwenye daraja. "Atadhani tumemdharau."

Hajasema nimtaje kwa jina gani.