Nimemkaribisha Mzuka

Tuhfa, leo nimeaibika!

Mume wangu Hafidh kanipeleka ukumbi wa Usagara kuona ile filamu ya kutisha, visa vinne vya hadithi za kale. Kisa cha kwanza tu, bibi kizee aliyezikwa jana yuko mlangoni: "Hodi!" Ukumbi kimya. Mimi nikaitika, tena kwa sauti: "Karibu!"

Karibu, Tuhfa! Namkaribisha maiti!

Akaingia kweli, akaimaliza familia nzima. Basi kila mlango ukigongwa, ukumbi wote unanigeukia: "Dada, usijibu!"

Hafidh kabaki mjini, nimerudi nyumbani peke yangu, nikajifungia. Mara nasikia sauti ya kizee: "Hodi!" Nikanyamaza. Hodi ya pili, kimya. Ya tatu, nikajificha nyuma ya kabati.

"Haya, naona leo sitakiwi."

Kumbe ni mama mkwe, shoga! Mzuka nimemkaribisha, yeye nimemwacha nje!