Kiti cha Kapteni

Jumatatu, 10 Machi 2025
Majibu yametoka. Ukapteni kapewa Method. Katoka chuo juzi tu! Mimi nimerusha ndege za kampuni hii tangu enzi za kufukuza mbuzi kiwanjani kabla ya kutua. Bosi Sharifu anasema mtihani wa kompyuta umeonyesha kijana ana kipaji cha kuzaliwa. Mimi nilichelewa kubonyeza vidoti. Vidoti!
Nimempa hongera. Nimekunywa na soda yake.

Alhamisi, 13 Machi
Nimeruka naye hadi Mwanza, mimi nimekaa pembeni. Mungu nisamehe – anajua. Mkono mwepesi. Katua, abiria hawakustuka hata kidogo. Mimi nilihangaika miaka kufika hapo.
Ila anapita karibu mno na mawingu. Nikamwambia azunguke. Kacheka – dada Generoza, mbona nafasi ipo tele? Ilikuwepo kweli. Tulipopita nikageuka kuangalia. Haikuwepo tena.

Jumapili, 16 Machi
Nimetoka kanisani, nimemfuata Sharifu nyumbani. Nikasema Method asiruke peke yake msimu huu wa mvua. Kaniangalia kwa huruma. Watu watasema ni wivu, Generoza.
Nikaaga, nikaondoka. Maana wivu upo! Wivu kiasi gani, hofu kiasi gani – mwenyewe sijui.
Mama kapiga simu kutoka kijijini Nkoma. Kanisalimia kwa Kisukuma – mwangaluka, mwanangu. Mvua imelaza pamba, upepo umeezua nyumba ya jirani. Anasema hajawahi kuona mvua ya namna hii.

Jumanne, 18 Machi
Joto. Hakuna upepo kabisa. Sipendi.

Jumatano, 19 Machi
Ofisini, kando ya redio. Naandika ili mikono ipate kazi.
Mchana walipiga kutoka hospitali ya Mwanhuzi: mama mjamzito, Milembe, anatoka damu, afikishwe Mwanza haraka. Nikainuka. Sharifu kasema hapana, aende Method, yeye ndiye kapteni. Basi niende naye! Nafasi hakuna – machela, nesi, mume wa mgonjwa. Method kanipita mbio, katabasamu. Usihofu, dada.
Kawachukua salama. Kapaa. Halafu upande wa ziwa ukawa mweusi, ghafla, kama mtu kashusha pazia. Nikamwita, rudi Mwanhuzi. Anasema mgonjwa hali mbaya, atapita chini ya wingu. Sharifu kasema muache, anajua anachofanya.
 Kisha sauti yake, ndogo – haoni chini, haoni juu. Dada, wewe ungefanyaje?
Nikasema geuza taratibu, rudi mashariki. Usisikilize mwili wako, Method. Ndani ya wingu mwili unadanganya. Soma mita, fuata mita tu.
Kajibu kwamba mita inaonyesha ndege imelala upande. Lakini anahisi iko sawa kabisa.
Mita, Method! Fuata mita!
Nyuma ya sauti yake nikamsikia nesi anasali. Halafu redio ikaanza kukoroma.
Sharifu kasimama mlangoni, kofia mkononi.  Kuna mngurumo mbali – injini, au ni mvua imeanza kwenye mabati ya jirani. Siwezi kutofautisha.
Namwita tena.