Ajuza Hakukufuata

Athmani ndugu yangu,

Ijumaa nilikuja kaburini kwako na maneno haya yote mdomoni, nikarudi nayo nyumbani. Kazungu alikuwa kando yangu, na shemeji zako wawili. Nikasoma Fatiha, nikainamisha kichwa. Wao walidhani ni majonzi. Ilikuwa aibu. Nimeona heri nikuandikie, maana karatasi hainitazami usoni.

Nimemuua Ajuza.

Nimeanza na hilo nisije nikapata nafasi ya kulizunguka. Malindi nzima, mpaka Tezo, wanasema msumeno wako ulikata roho wenyewe kwa sababu mwenyewe hayupo. Wanasema umekufuata. Hadithi inasimuliwa barazani na watu wanatikisa vichwa, na aliyeitunga ni mimi, mbele ya mashahidi, mikono yangu ikiwa bado inanuka petroli.

Wewe unajua Ajuza alikuwa nani kwetu. Watu wazima, mimi fundi cherehani na wewe muuza misumari, tukafunga maduka yetu tukaenda bara kuufuata msumeno wa injini wa zamani za Wazungu, tuliousikia tu kwamba umelala kwenye kiwanda cha mbao kilichofungwa. Tuliukuta chini ya mabati, kuku ameutagia. Kazungu wa Tezo, mgonjwa wa misumeno kama sisi, alitucheka mpaka akaketi chini. Ukasema huyu ni ajuza, lakini ni ajuza wa heshima, tukamfunga kwenye gunia tukarudi naye pwani.

Kivukoni Kilifi ulishindwa kujizuia. Watu walikuwa wanauliza kama ni injini ya boti, nawe hujui kunyamaza ukiulizwa jambo la misumeno. Ukavuta kamba palepale kwenye feri. Moshi ukamfunika mama mmoja na kuku wake, akatutukana matusi ambayo mengine sikuwahi kuyasikia, na sisi tukateremshwa kungoja feri nyingine. Ulicheka mpaka machozi. Sasa wanasema watajenga daraja pale. Hatutateremshwa tena. Sitateremshwa, nilitaka kusema. Bado sijazoea kujihesabu peke yangu.

Mkeo Bi Rukia alimwita Ajuza mke mwenziwe tangu siku ya kwanza. "Mke mwenzangu keshaoga? Basi na sisi tupewe maji." Alikuwa akisema kwa kutania, nasi tulikuwa tukicheka, na sasa najiuliza ni mara ngapi alikuwa akitania kweli. Maana wewe, Mungu akurehemu, ulikuwa na tabia yako. Ukirudi na petroli, humsalimu mtu. Unaingia stoo, unachukua ile chupa ya maziwa aliyonyonyea binti yenu Maimuna, unapima oili mpaka kwenye mstari uliouchora kwa msumari, unaimimina kwenye galoni, unatikisa, unatikisa tena. Ndipo unaingia ndani kuuliza kama kuna chai. Ulitufundisha sote kwamba misumeno hii haina mahali pa oili pengine, inakula oili ndani ya petroli, na ukiipa petroli tupu inajiunguza. Nilikusikia ukisema hivyo pale Sabaki, tulipokuwa tukikata magogo yaliyoletwa na mto. Nilikusikia mara nyingi kuliko nilivyosikia sauti ya mke wangu.

Siku uliyotutoka ulikuwa umekwenda kununua petroli ya safari yetu nyingine ya Sabaki. Mto ulikuwa umeshusha gogo ambalo wavuvi walisema ni refu kuliko msikiti. Ulipitia dukani kwangu na galoni mkononi, ukasema tuondoke asubuhi. Nikasema nina kanzu ya bwana harusi. Ukasema mwache aoe na kikoi. Alasiri wakaja kuniita. Nilikukatia sanda mimi mwenyewe, sikumwachia mtu, na kipande cha bafta nyeupe kilichobaki sikuweza kukitupa. Kiko kwenye droo ya cherehani.

Ilipokaribia arobaini yako, Kazungu akaja na wazo. Upepo ulikuwa umemwangushia mkorosho mkubwa shambani kwake Tezo. Akasema kuni za kupikia hitima ya Athmani zitoke pale, na zikatwe na Ajuza. Nilitokwa na machozi mbele yake. Nikaenda kumwomba Bi Rukia ruhusa. Alikuwa eda, akazungumza nami nyuma ya pazia, na Maimuna kakaa mlangoni.

"Mchukue mke mwenzangu, Bakari, asishike kutu," alisema. Kisha akaongeza: "Hata siku ile ya mwisho, shemeji, marehemu alianzia kwake. Nilisikia mlango wa stoo. Ndipo akaja jikoni, akakaa chini sakafuni, mimi nakuna nazi. Akakaa tu. Sina kinyongo, nasema tu."

Nilisema alikupenda sana, maneno ambayo kila mtu huwaambia wajane, nikaingia stoo. Ajuza alikuwa chini ya turubai. Galoni ilikuwa pembeni yake, imejaa, kifuniko kimekazwa. Sikuifungua, sikuinusa. Nilijua petroli ya Athmani haikai stoo bila kuchanganywa. Ningeapa kwa hilo.

Tezo walikuja watu wengi, na misumeno yao, wale wenzetu wa misumeno wa Kilifi pia, wenye ule msumeno mwekundu uliokuwa ukiuonea wivu. Wakanipisha nianze. Kamba niliivuta mara tatu, akaguna, akalia. Athmani, alilia vizuri. Alilia kwa sauti kali, nyembamba, safi, akauingia mkorosho kama mkate. Na hapakuwa na moshi.

Hapa ndipo penye dhambi yangu. Kuchukua galoni bila kuangalia ni uzembe, mtu anasamehewa. Lakini niliona ule moshi haupo. Wewe ulisema moshi wa bluu ndio pumzi yake, ukiukosa zima kwanza, uliza baadaye. Mimi niliukosa, na nikafurahi. Nilijisemea moyoni kwamba nimemtengeneza Ajuza kuliko wewe. Ile kabureta niliigusagusa usiku wa kuamkia siku ile, nikadhani mkono wangu ndio umemsafisha. Watu walikuwa wananitazama. Kwa muda wa gogo moja nilikuwa mimi ndiye Athmani, na nilipenda. Nasema kweli, nilipenda.

Kisha akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia, akanyamaza katikati ya mti. Nikavuta kamba, haikusogea. Injini ilikuwa imenoki, chuma kimeshikana na chuma. Kazungu akaweka kiganja karibu na chuma, akakiondoa upesi. "Kulikoni, Bakari?" aliniuliza.

Ningeweza kufungua galoni palepale. Harufu ya petroli tupu ilikwisha kuanza kunijia puani. Nikawatazama wote wale. Nikasema: "Amemfuata mwenyewe."

Wakavua kofia, jamani. Mmoja akasema innalillahi. Mkorosho ukamaliziwa kwa msumeno wa Kazungu, taratibu, kwa adabu, na wali wa hitima yako ukapikwa kwa kuni zake, watu wakala wakakuombea, nami nikala.

Nyumbani nilichukua kile kipande cha bafta, nikadondosha tone moja kutoka kwenye galoni. Fundi cherehani hahitaji mtu wa kumwambia oili ni nini. Nimekwisha kuharibu nguo za watu kwa tone moja la cherehani, halitoki hata kwa ndimu. Tone likaenea, likakauka. Bafta ikabaki nyeupe, haina hata duara. Ilikuwa petroli tupu. Nikaificha galoni nyuma ya majora ya vitambaa dukani, na tangu hapo wateja wanalalamika kanzu zao zinanuka gereji.

Nilidhani nimeficha aibu yangu tu. Kazungu aliibeba hadithi, akaongeza ya kwake, sasa anasema hata ndege walinyamaza. Wenzetu wa Kilifi walikuja tena, wakamgusa Ajuza kwa vidole wakaondoka kimya. Nami najua pistoni mpya na mkono wenye subira vinamwamsha. Sikuthubutu kusema, maana anayemtengeneza ataona mikwaruzo ndani, na mtu wa misumeno akiiona anajua imetoka wapi.

Kisha Maimuna akaja dukani kuchukua buibui la mamake. Akasimama, akazungusha sarafu ya malipo mkononi, akaniambia kwamba mama halali. Kwamba tangu asikie habari za Tezo, anasema neno moja hilohilo: "Mwenzangu kaweza kumfuata. Mimi nimebaki nakuna nazi. Kumbe yeye ndiye aliyempenda."

Athmani, nilikaa kwenye cherehani nikashindwa hata kutia uzi sindanoni. Ule uongo nilioutema ili nisichekwe, umeingia nyumbani kwako ukamkalia mkeo kifuani.

Na hapo, nikiwa nimeishika sindano ile, ndipo nilipoelewa jambo ambalo mtu mwenye akili angelielewa siku ileile. Nilikuwa nimejilaumu kwa galoni wiki zote hizi, sikujiuliza hata mara moja: kwa nini petroli ilikuwa tupu? Wewe hujapata kuacha. Hukuacha siku ya mvua, hukuacha siku Maimuna alipovunjika mkono. Bi Rukia alisikia mlango wa stoo. Alisikia mlango tu. Uliweka galoni chini, ukatoka, ukaenda jikoni, ukakaa sakafuni karibu naye. Chupa ya Maimuna hukuigusa.

Sijui kwa nini. Labda kifua kilikuwa kimeanza kukubana njiani na hukutaka kuniambia pale dukani, ukanitania na kikoi cha bwana harusi. Labda ulichoka tu. Lakini mtu akianza kuumwa na hajui ni nini, anakwenda kwa nani? Ulimpita Ajuza mlangoni, ukaenda kwa mkeo. Na mimi niliye peke yangu duniani mwenye ushahidi wa hilo, nimeuficha nyuma ya majora ya kanzu.

Nisamehe. Najua huwezi kunijibu, na si wewe hasa wa kunisamehe.

Bi Rukia anatoka eda wiki hii. Nimemtumia Maimuna salamu kwamba nitakuja Alhamisi, na nimemwomba Kazungu aje, na wale wa Kilifi pia. Nitasema mbele yao wote. Watacheka, na wana haki, na huenda hakuna atakayenipa msumeno wake tena nishike. Kazungu atakasirika kuliko wote, kwa sababu ya wale ndege. Baada ya hapo nitakwenda tena bara, peke yangu, kuitafuta pistoni, na nitakuwa mpole kivukoni. Ajuza ataamka, Athmani. Nakuahidi. Ataamka na moshi wake.

Lakini kwanza Alhamisi. Nitabeba galoni na kile kipande cha sanda yako. Nitamwomba Bi Rukia akae karibu, nimdondoshee tone moja mbele ya macho yake, na tungoje pamoja likauke. Nitamweleza taratibu lile tone lingeacha nini, kama ungebaki stoo kuchanganya oili kwanza. Kisha nitampa kitambaa akitazame mwenyewe, kilivyo cheupe.

Lala salama, ndugu yangu.

Bakari